Mama wa Shuhuda

Chuoni kwetu, mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya walokole alikuwa na shida moja kubwa: hakuwa na ushuhuda. Mimi nilikuwa mmoja wao. Wiki ya kwanza tulikalishwa duara kwenye ukumbi wa bweni, wasichana wapya wote na viti vyetu vya plastiki, kila mmoja aeleze Mungu alivyomtoa mbali. Zamu yangu ilipofika nikasema nimezaliwa katika familia ya Kikristo, baba ni mwinjilisti, na niliokoka nikiwa darasa la tano. Wakanipigia makofi ya heshima, yale anayopigiwa mtu aliyemaliza kusoma matangazo.

Kisha akasimama msichana niliyepangwa naye chumba kimoja, mwembamba, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akasema mama yake ni mhudumu wa baa. Tangu alipojua kushika penseli, kazi za shule alizifanyia chini ya kaunta, miguuni kwa mama, na hesabu alijifunza kwa vizibo vya chupa. "Nilikuwa namwomba Mungu anipe meza," akasema, akakaa. Kiongozi wa bweni akaanza kupenga kamasi. Tangu jioni ile jina lake likabaki kwa wahadhiri tu. Sisi wengine tulimwita Shuhuda.

Nataka ieleweke kwamba ushuhuda ule wa kwanza ulikuwa wa kweli, neno kwa neno. Yaliyofuata ndiyo yanayonichemsha damu hadi leo.

Mchungaji wa chuo aliusikia kwenye ibada ya asubuhi, akalia mbele ya watu wote bila kujificha. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia mambo. Aliwajua wapishi wote kwa majina ya watoto wao, na akikuta mwanafunzi anaumwa alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Ila alikuwa na udhaifu wa kupenda habari yenye shimo refu, ili mtu akitolewa ionekane kweli ametolewa. Alimwita Shuhuda ofisini amsaidie kuupanga ushuhuda wake, maana kulikuwa na wageni wanakuja. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi.

"Na mama mwenyewe alikuwa anakunywa?" mchungaji akauliza.

"Hapana, mchungaji. Anauza tu."

"Kabisa? Hata siku moja?"

Shuhuda akafikiri. Mtu mzima alikuwa anamsubiri, tena kwa tabasamu. "Labda mara moja. Kwenye harusi ya mjomba, alipewa glasi."

"Basi pombe ilikuwemo nyumbani," mchungaji akasema kwa upole. "Usimwonee aibu mama yako, binti. Ukimficha yeye, unaificha na kazi ya Mungu."

Ile glasi ya harusini ilikua haraka kuliko mtoto mchanga. Kufikia mitihani ya kwanza, mama alikuwa anakunywa kila mwisho wa wiki. Wageni walipofika, alikuwa anaokotwa kwenye mtaro na kurudishwa nyumbani kwa kubebwa. Tulipoanza kwenda kuhubiri kwenye shule za sekondari, wanakwaya tumebanana nyuma ya lori la chuo na spika inayokoroma, mama alikuwa ameshauza sare za mwanawe apate chupa. Shuhuda hakudanganya kwa mkupuo. Alitia chumvi kidogo kidogo, kila aliposikia watu wanaanza kukohoa na kugeuza viti.

Na alilipwa kwa namna ya pale. Akachaguliwa katibu wa ushirika wa wanafunzi. Akapewa kiti cha mbele kanisani, wageni wakapiga naye picha, wasichana wa mwaka wa kwanza wakamletea chai chumbani na kumwomba awaombee. Alikuwa anasoma sana pia, sitaki kumnyima hilo. Vipindi vya asubuhi hakukosa hata kimoja, na maktaba ilikuwa inafungwa yeye akiwa bado anakusanya vitabu. Lakini hakuna aliyemsifia kwa kusoma.

Mwaka wa pili mama yake akaja kumtembelea. Shuhuda alimpitisha mlango wa nyuma wa bweni, ule wa kwenye kamba za nguo, akamficha chumbani kama simu ya wizi. Nilikuta mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, ananukia sabuni ya unga. Kila akitoka kazini, aliniambia, alifua mpaka kitambaa cha kichwa kwa sababu ya moshi wa sigara. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu, sweta langu mapajani, anashona kifungo ambacho mimi nilikuwa nimekikatia tamaa.

"Humu mnasoma kweli," akaniuliza, "au mnaimba tu? Tangu nimefika nasikia nyimbo."

"Tunasoma pia, mama."

"Haya. Maana huyu aliniambia anasomea ualimu."

Nikacheka. Kisha nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama kukaa na pombe kutwa nzima hakumtamanishi. Hakukasirika. Alikata uzi kwa meno.

"Mwanangu, mimi nawaona wanavyoingia na nawaona wanavyotoka. Ukishaona yote mawili hamu inakuisha. Halafu ningekuwa nainywa, huyu angevaa nini?"

Shuhuda alikuwa anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Hakuinua uso.

Mama alipoondoka nilimbana. Nilimuuliza anapata wapi roho ya kumsema vile mwanamke yule. Alinijibu bila hasira yoyote, na ndiyo maana sijasahau.

"Nikisema ukweli hakuna anayelia."

"Na yeye je?"

"Hatasikia. Jumapili yuko kazini. Kitu asichokisikia kitamuumiza wapi?"

Nitamtendea haki niseme kwamba alijaribu kujitoa. Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya kawaida, aliitwa mbele kama ilivyo ada, akausema ule ushuhuda wa kwanza, wa kaunta na vizibo. Akaongeza: "Mama yangu hanywi. Hajawahi kunywa. Anauza bia ili mimi nisome." Kanisa likapoa. Mtu mmoja alisema amina, akagundua yuko peke yake, akajifanya anatafuta wimbo kitabuni.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaitwa. Kikundi cha maombi kilimzunguka, wakamwekea mikono, wakamkemea adui aliyeuiba ushuhuda wake. Wengine walifunga kwa ajili yake. Mchungaji alimshika bega kwa huruma ya kweli kabisa. "Umepoa, binti yangu," akamwambia. "Usianze kuionea haya kazi ya Bwana." Alirudi chumbani nywele zimesimama kwa mikono ya watu, akajitupa kitandani na viatu vyake.

"Wanasema nadanganya," akaniambia.

Jumapili iliyofuata, kwenye ushuhuda, mama alikuwa amerudishwa mtaroni, na kanisa likampokea Shuhuda kwa vigelegele kama mtu aliyepona.

Hivyo tulipofika mwisho wa masomo, hofu yake ilikuwa moja tu, na mimi peke yangu ndiye niliyeijua. Alikuwa amempangia mama afike siku ya mahafali yenyewe, uwanjani, mahali pa hotuba na majoho, ambako hakuna mtu anayeulizwa alikotoka. Siku ya kuamkia mahafali ilikuwa ya ibada ya shukrani, na yeye ndiye mtoa ushuhuda. Alitaka aumalize mara ya mwisho, auzike hapo hapo kanisani, kesho yake ampokee mama akiwa msafi. Alinieleza hayo huku akipiga pasi sare ya ushirika, na niliona kwamba anaamini inawezekana.

Mama akaja siku moja mapema. Bosi wake alikuwa amempa ruhusa kabla ya siku aliyoomba, akaona akae na mwanawe jioni nzima. Mlinzi wa getini alipomwona na begi na uso wa furaha, akamwonyesha kanisa. Wazazi wote wako kule, mama, wahi.

Wanakwaya tulikuwa tumesimama mbele, tukiwatazama watu, kwa hiyo nilimwona anapoingia. Gauni la kijani, jipya, bado lina mikunjo ya kukaa kwenye mfuko. Nywele amesuka. Alikaa benchi la nyuma kabisa, begi mapajani, akaanza kumtafuta mwanawe kwa macho kwenye mistari ya wahitimu. Shuhuda alikuwa ameshashika maiki.

"Bwana asifiwe," akaanza. "Mimi ni mtoto wa mama ambaye..."

Akamwona. Naamini, na sitabadilika, kwamba alitaka kusema kweli, kwa sababu sauti iliyotoka haikuwa ile ya siku zote.

"Mama yangu yumo humu ndani," akasema. "Nataka kumwomba..."

Hakumaliza. Mchungaji alikuwa ameshainuka kitini, mikono juu, machozi tayari.

"Kanisa, mmesikia? Yule mama! Yule mama aliyekuwa anaokotwa kwenye mtaro, leo yuko nyumbani mwa Bwana! Yuko wapi? Asimame tumwone."

Mama Shuhuda akageuka nyuma kumtafuta huyo mama. Nyuma yake kulikuwa na ukuta tu. Kisha wasichana wa mapokezi, walioona Shuhuda anakotazama, wakamshika mikono na kumleta mbele, na watu wakasimama kumpisha. Alikuja na begi lake. Bado alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyefananishwa na mwingine, anayengoja wajisahihishe.

"Karibu, mama," mchungaji akasema. "Usiogope. Binti yako ametueleza yote, miaka yote hii. Alivyokuwa anakubeba. Sare ulizouza. Siku alizolala njaa, wewe ukiwa kwenye chupa. Hapa hakuna anayekuhukumu." Tabasamu lile lilikuwa linapungua kwa kila neno. "Sasa tupe nguvu. Liambie kanisa, pombe umeacha lini?"

Akamwekea maiki mdomoni. Mama akamtazama mwanawe. Shuhuda alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mkuu wa chuo na wageni na wazazi wa watu walikuwa wanangoja. Jibu la kweli lilikuwa fupi, na lingemwacha mtoto wake uchi mbele ya wote hao, kesho akavae joho.

"Leo," mama akasema.

Kanisa lililipuka. Kinanda kikaingia, watu wakaruka kwenye mabenchi, mwalimu wa kwaya akatupa ishara tuimbe. Walimwekea mikono kichwani mpaka misuko ikaanza kufumuka. Yeye alisimama wima katikati yao, begi kwapani, macho wazi, mpaka walipochoka.

Nje Shuhuda alimkimbilia kwenye ngazi. "Mama, ngoja nikueleze."

"Umeshaeleza," mama akasema. "Wamesema umeeleza miaka yote."

Hakupaza sauti. Alifungua begi, akatoa shati jeupe lililopigwa pasi na kufungwa ndani ya taulo lisijikunje, akanikabidhi mimi. "Avae kesho ndani ya joho. Kola nimeiangalia, iko sawa." Kisha akaelekea getini. Njia nzima watu walimshika mkono. Hongera, mama. Usirudie tena, mama. Akawajibu wote asante, mmoja mmoja.

Kesho yake Shuhuda alivaa lile shati. Kola ilikaa vizuri. Kwenye picha, pale wanaposimama wazazi, wamesimama mchungaji na mke wake, wanang'aa kwa furaha, na yeye katikati anatazama pembeni.

Sasa anafundisha shule ya kanisa, mbali. Tuliachana kimya kimya, kama wanavyoachana wenye chumba kimoja. Mwaka jana safari ya kikazi ilinipitisha mji wa mama yake, nikaulizia baa ile nikaingia mchana, wateja hawajajaa. Alinitambua kabla sijasema neno. Alifuta meza, akaniletea soda, akaangalia vifungo vya koti langu, akaridhika.

"Mchungaji wenu hunipigia simu," akaniambia, kitambaa begani. "Kila mwezi. Anauliza kama sijarudia. Namwambia sijarudia, basi anashukuru, ananiombea hapo hapo kwenye simu. Mtu mwema yule."

"Na yeye?" nikauliza. Sikuweza kulitaja jina tulilompa.

Mama aliichukua chupa yangu, ambayo ilikuwa bado na soda nusu, akaiweka tena mahali pake.

"Yeye hapigi," akasema. Kisha akaenda kumsikiliza mteja wa meza ya dirishani.