Nani Angeweza Kuishi Dogo

Juzi nilikuwa Eastleigh nikitafuta pazia. Nikaingia kibanda kimoja ndani ya jumba la maduka, na kabla sijauliza bei, pua yangu ikakutana na dawa ya kuchua, ile ya mafuta mazito yenye kafuri, inayowasha macho hata ikiwa kwenye goti la mtu mwingine. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa amepandisha dera akijichua goti huku akipokea wateja. "Karibu mama, pazia tunazo za kila rangi." Nikamwambia narudi. Sikurudi. Nilitoka nikasimama kando ya First Avenue, katikati ya mikokoteni na kelele za makanga wa matatu, nikavuta moshi wa magari kwa shukrani. Harufu ile ni ya chumba chetu cha kulala kule mtaa wa Tena, na chumba kile sikiendei kwa hiari.

Tulilala humo wawili, mimi na dada yangu Awiti. Jina hilo lina kisa. Kwetu, mama akizika watoto, anayefuata hulazwa nje kidogo kama kitu kilichotupwa, kisha mwanamke jirani humwokota na kumrudisha ndani, ili kifo kikipita kimdharau kiende zake. Mama alikuwa amezika wawili. Awiti akatupwa, akaokotwa, akaishi, ila kifo hakikudanganyika sawasawa. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa ambao chembe za damu hupinda kama mundu na kukwama mishipani. Zikikwama, maumivu yake usiombe. Baridi ya Julai ilikuwa adui yake, na mbio, na hata kiu. Kila siku alimeza tembe zake, na maumivu yakija Mama aliacha kila kitu, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumchua miguu kwa dawa ile mpaka mikono ikafa ganzi. Nitasema mengi machungu kumhusu Mama, kwa hivyo hilo la mikono yake nalitanguliza.

Ni katika kuchuliwa huko ndipo mwezi wetu ulipozaliwa. Awiti alikuwa kidato cha pili, mimi darasa la tano. Siku ambazo hakwenda shule alisoma chochote kilichomfikia: vitabu vya kuazima, magazeti ya kufungia nyama, ensaiklopidia moja iliyopoteza jalada. Alasiri moja nilitoka shule nikamkuta ameegemea mto, Mama yuko miguuni pake, akaniambia amegundua mwezi. Nikakimbilia dirishani. "Wewe nawe," akacheka, "sijaugundua angani. Nimeutunga. Lakini nimeutunga kwa adabu."

Kwa adabu, yaani mwezi wenyewe ni wa kubuni lakini sheria zake si za kubuni. Ulikuwa mbali sana na jua, ukiizunguka sayari kubwa kupita kiasi. Sayari hiyo aliiita Baba na mwezi akauita Dogo, kwa sababu baba yetu alifanya kazi kiwandani kule Baba Dogo na Awiti alipenda kumtania mzee kwamba ana sayari yake. Juu, Dogo ulikuwa barafu tupu, hewa ya kuvuta hakuna, jua lenyewe likionekana kama taa ya nyumba ya mbali. Lakini chini ya barafu kulikuwa na bahari. Nikabisha. Maji gani hayo yasiyoganda kwenye baridi ya namna hiyo? Akauinua mguu wake kidogo. "Mama akinichua, huu mguu unapata moto ama haupati?"

"Unapata."

"Basi Baba anauchua Dogo. Mwezi ukimkaribia, mvuto wake unaukamua. Ukienda mbali unaachiliwa. Kila mzunguko ni hivyo hivyo. Mawe ya ndani yanasuguana, yanapata moto, barafu inayeyuka kutoka chini."

Mama, mikono imejaa mafuta, akauliza kama tumemaliza umbea wa angani mtu aende akaoshe sufuria. Mimi nilikuwa nimeelewa papo hapo. Nimefundishwa na walimu wengi tangu siku hiyo, na sikumbuki aliyenielewesha jambo kwa upesi huo.

Basi ukawa mchezo wetu. Mimi naleta viumbe, yeye anawahoji. Wa kwanza alikuwa mbwa mwenye manyoya mengi. "Anakula nini?" Nikasema mandazi, maana ndiyo niliyokuwa nikila. "Mandazi ni ngano, na ngano inataka jua. Dogo jua la maana hakuna. Mbwa wako amekufa." Nikaleta samaki mwenye macho makubwa ya dhahabu. "Macho ya kuona nini na huko chini ni giza? Macho nayo yanataka kulishwa. Na anapumua nini?" Samaki naye akafa. Nikaleta watu, wanene wa kustahimili baridi, wenye nyumba za barafu na kanisa. Wakafa wote na kanisa lao. Nikalia kwa hasira.

"Haki Awiti, wewe ni muuaji!"

"Zii. Mimi nauliza tu. Wanajifia wenyewe."

Mwishowe aliniruhusu utelezi, ule ute unaoshika ndani ya pipa la maji msipolisugua. Chini kabisa ya bahari ya Dogo, alisema, mawe ya moto yanakutana na maji, na hapo hutoka gesi na chumvi ambazo hata hapa duniani kuna vijidudu huzifanya chakula, gizani, bila habari na jua. Chakula chenyewe ni kidogo, kwa hivyo kiumbe atakuwa mdogo, mpole, asiye na haraka ya kuzaana. Nilikasirika, yawa! Mwezi mzima, na wananchi wake ni utelezi?

"Na hata huo sijasema upo," akaniongezea. "Nimesema unaweza kuwepo. Hayo ni mambo mawili, Akinyi. Usiyachanganye."

"Sasa tutajuaje?"

"Barafu hupasuka, maji yanaruka juu kama bomba la hapa Tena likipasuka. Unayakinga, unayapima. Ukikuta kitu, umekuta. Usipokuta, unasema hujakuta. Kutamani si kupima."

Kutamani si kupima. Ikawa methali ya nyumba yetu. Baba akijigamba kwamba timu yake itashinda Jumapili, tulimwimbia hiyo kwa pamoja, na yeye alijifanya kututupia kiatu.

Mwaka huo Mama alihama kanisa. Aliacha lile la wazazi wake, lenye nyimbo za polepole, akaenda kwenye hema lililokuwa nyuma ya steji ya matatu. Simlaumu kwa kuhama. Mtu amechua miguu ya mtoto miaka yote hiyo, akisikia kuna mahali wanaponya, atakaaje? Kule walikuwa na desturi yao. Ushuhuda ulitolewa kabla ya jambo kutokea. Asiye na kazi alisimama akashukuru kwa kazi aliyopata, na tasa akashukuru kwa mapacha. Na ukishashuhudia umefunga mlango. Huwezi tena kulalamika, huwezi hata kutafuta msaada pembeni, kwa sababu ukifanya hivyo umeutangua ushuhuda wako mwenyewe na baraka imerudi ilikotoka.

Siku moja ya ibada ya nyumbani, zamu ikiwa yetu, Mchungaji alimwekea Awiti mikono kichwani sebuleni mwetu, akatangaza kwamba amepona. Akina mama walipiga vigelegele mpaka glasi za kabatini zikalia. Kisha akamgeukia Mama, kwa sauti ya upole kabisa: "Mama Awiti, dawa ikibaki ndani ya nyumba hii, inamshuhudia nani?" Mama hakungoja kesho. Tembe zilikwenda chooni, na dawa ya kuchua ikafuata. Hata kumchua kwenyewe kukakoma, kwa kuwa kumchua mtu aliyepona ni kumkana Mungu. Baba alikuwa amekaa palepale na gazeti lake. Nilimtazama aseme neno. Alifunua ukurasa. "Mambo ya maombi ni ya mama yenu," ndiyo kauli yake, na mpaka leo sijui mtu anawezaje kuitwa kichwa cha nyumba kwa kauli kama hiyo.

Majuma yaliyofuata, niwaambie ukweli, Awiti hakuumwa. Alicheka, alikwenda shule, akaniulia viumbe wengine wengi tu. Nikamuuliza, si kweli umepona? Akafikiri, kama alivyofikiria kila mnyama niliyemletea. "Naweza kuwa nimepona," akasema. "Lakini huwa napata majuma mazuri hata bila kuombewa. Kuna kipimo cha damu. Wanipime."

Ibada ilipotuzungukia tena, sebule ilijaa mpaka watu wakakalia mikono ya viti. Mama alikuwa amepika chai ya maziwa na mahamri, amevaa kitambaa kipya. Ilikuwa siku yake. Mchungaji akamwita Awiti ashuhudie. Dada yangu akasimama na sare yake ya shule, akasema Bwana asifiwe, wakaitikia, akasema: "Naomba nipelekwe hospitali nipimwe damu. Ikionyesha nimepona, nitashuhudia hata barabarani. Isipoonyesha, naomba mnirudishie dawa zangu."

Hakuwa mjeuri. Alisema kwa adabu ileile aliyoutungia mwezi wake. Mchungaji akatabasamu kwa huzuni, akawaambia wenzake kwamba shetani anapenda sana watoto wa shule. Kisha kwake: "Binti, ugonjwa ulikuwa umeondoka. Wewe mwenyewe umeuita urudi kwa kinywa chako." Akina mama wakaanza kutafuta mikoba yao. Chai ilibaki kwenye vikombe, imeota utando. Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alisimama jikoni akiwa ametupa mgongo, akasema, "Awiti, umenivua nguo mbele ya watu." Hospitali hatukwenda.

Julai ikafika na ukungu wake. Maumivu yalianza miguuni asubuhi, yakapanda mgongoni, yakaingia kifuani. Mama akampigia simu Mchungaji, akaambiwa ashikilie imani, asimwongezee mtoto mashaka. Akina mama wakaja kuimba sebuleni. Mimi niliingia chumbani nikamchua Awiti kwa mikono mitupu, bila dawa, jinsi nilivyomwona Mama akifanya. "Ongeza nguvu," akasema meno yakiwa yameumana. "Leo wewe ndiye Baba." Nikaongeza. Mikono ya mtoto wa darasa la tano, jamani, ina nguvu gani? Sebuleni nyimbo zilizidi sauti, nami nilizichukia nyimbo zile, na nazichukia hata sasa zikipita redioni.

Baba alirudi alasiri, akamwona, na kwa mara ya kwanza hakuuliza mtu. Alimbeba akiwa bado na ovaroli yake ya kazi, akampakia kwenye gari la jirani. Hospitalini daktari aliuliza aliacha dawa lini. Baba akamtazama Mama. Mama akajibu, "Alikuwa amepona." Jioni hiyohiyo Awiti alifariki.

Tulimzika ushago, kijijini kwetu. Matanga yote sentensi ilikuwa moja, wanapokezana kama kibuyu cha maji: mdomo huponza kichwa. Alikuwa ameshaponywa, akajiponza kwa mdomo. Mchungaji aliihubiri kaburini, akatuonya sisi watoto tuliokaa mbele kwenye nyasi. Nami niliiamini. Nilikuwa mtoto, na watu wazima wote walikuwa wamekubaliana. Kwa miaka sikuthubutu kusema naumwa. Nilitetemeka kwa malaria nikisema niko sawa, nikang'olewa jino nikishukuru kwa jino zima. Niliogopa kinywa changu mwenyewe, na nilimkasirikia Awiti. Neno moja tu angesema, nimepona, akae na sisi.

Nilikuja kulijua jambo lenyewe nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Kliniki walinipima, na muuguzi, binti mdogo kuliko mimi, akanieleza kwa kalamu juu ya kiganja chake kwamba nimebeba nusu ya selimundu. Mtu hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, na zikikutana mbili mtoto anaugua. Hakuna neno linaloileta, hakuna neno linaloifukuza. Nikawakumbuka wale wawili waliozikwa kabla ya Awiti, ambao hawakuwa hata wamejua kusema. Nikamuuliza muuguzi, na wenye ugonjwa wenyewe huishi? Akashangaa swali. Akanionyesha benchi la nje, watu wazima wamekaa wakingoja dawa zao za mwezi, mmoja akimkemea mtoto wake asichezee mlango. Nilijifungia choo cha kliniki ile nikilia mpaka wakaja kugonga.

Nilimpelekea Mama habari hiyo kule Tena, nikamchorea kiganjani kama nilivyochorewa. Alisikiliza yote. Akatazama kiganja chake, akakifunga, akasema, "Angenyamaza tu siku ile, Akinyi. Neno moja tu." Amezeeka, na akiliachia hilo atashika nini? Sikubishana naye. Nilimaliza chai nikaondoka, nikalia njia nzima, wala si kwa huzuni, kwa hasira.

Nilidhani dada yangu alikuwa na moyo mgumu, anayeua mbwa wangu, samaki wangu na watu wangu wanene na kanisa lao. Sasa najua hakuna aliyewaheshimu viumbe wale kama yeye, kwa sababu hakuna mwingine aliyejisumbua kuuliza watakula nini. Nyumbani mwetu sote tulitaka Awiti aishi: Mama, Baba, mimi, hata wale waimbaji. Ni yeye peke yake aliyeuliza ataishi vipi, na tukamwambia anyamaze.