Siku Nilipoangushwa na Hewa

Hadi leo nikikumbuka najionea aibu. Nazungumzia ile Jumamosi alasiri nilipoangushwa na hewa katika ukumbi wa kanisa, Fort Worth, huku ughaibuni.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tisa, akiuza katika duka la vyakula karibu na tunapoishi, Euless. Mwanamume asiyemjua alianza kumfuata hadi kwenye gari akitoka kazini. Mara ya tatu akamshika mkono. Binti alichomoka, akakimbia hadi nyumbani. Polisi waliandika maelezo yao, wakaenda. Binti akaniambia anataka kujifunza kupigana, nami kwa ujinga wangu nikampeleka kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu mzima mwenye mvi, aliyeendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Sharpstown, Houston, mara moja kwa mwezi, kuja kutufundisha chi, ile nguvu ya ndani ya mwili wanayoisema Wachina. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kufika, na ndiye anayesimamia mipango ya kusafirisha mwili hadi nyumbani. Mtu kama huyo humpingi mbele za watu.

Na mimi sikuwa mgeni wa mambo haya. Ujanani nilicheza karate, Tanga. Mwalimu wetu wa kule alisema chi ni pumzi iliyofundishwa adabu: ivute, ishushe tumboni, tuliza magoti, ndipo ngumi itoke na mwili mzima. Tulipumua hivyo mpaka mapaja yakawaka moto. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuanguka bila kuguswa. Kwa hiyo nilijua, na sina kisingizio.

Jumamosi hiyo ukumbini, yule mzee wa Houston alisimama hatua tano mbele yetu, akafumba macho, akasukuma hewa kwa viganja. Akaanguka nesi mmoja Mkenya, mwanamke anayeinua wagonjwa siku nzima. Akaanguka mwanamume mmoja mnene wa kazi za ofisini. Wote wawili walichungulia nyuma kwanza wasije wakajigonga. Zamu yangu ikafika. Sikusikia kitu, hata kiyoyozi kilikuwa na nguvu kuliko yeye. Nikaanguka. Nikaguna pia, ionekane imeniingia. Tulikuwa tunafunika kombe mwanaharamu apite, watu wazima na akili zetu, tumelala juu ya zulia linalonuka soksi.

Binti yangu hakuanguka.

Mzee akasukuma tena, na tena, mpaka jasho likamtoka puani. "Moyo wako umejifunga, mwanangu," akasema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Samahani, Mwalimu, lakini sija-feel kitu," akajibu, kwa adabu kabisa.

Watu wakanigeukia mimi mzazi. Nilikuwa bado nimelala palepale nilipojibwaga.

"Anguka, mama," nikamnong'oneza binti yangu. "Usimwaibishe mzee."

Alinitazama. Kisha akapiga magoti, akajilaza polepole, kama mtoto anayelazimishwa kulala mchana. Watu wakapiga makofi. Mzee akatabasamu, akajifuta jasho. Mimi nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, hata yule mwanamume wa pale dukani.

Tukarudi Euless. Nyumbani nikasukuma kochi ukutani, nikamtukana mzee mpaka nikaishiwa matusi. Nikamwita tapeli, kana kwamba ni yeye aliyenifumbua kinywa nimwambie binti aanguke. Binti alisimama tu mlangoni na funguo mkononi.

"Njoo," nikamwambia. "Nitakufundisha mimi mwenyewe. Nitakushika mkono kama alivyokushika yule mtu. Zungusha kiwiko, vuta upande wa kidole gumba changu, na upige kelele."

"Sawa, Baba."

Nikamshika, na wala sikukaza. Mkono wake ukalegea, magoti yakakunjika, akateremka taratibu hadi chini, akalala chali akitazama dari.

"Nimeanguka, Baba," akasema. "Niinuke lini?"