Putoni ya Bibi

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika "put on" ubaoni, akageuka, na macho yake yakaniangukia mimi. Macho ya walimu yana sumaku na watu wa dawati la nyuma.

"Wewe mchekeshaji, maana yake nini hiyo?"

Nikasimama bila wasiwasi wowote. "Sweta, mwalimu."

Darasa likalipuka. Na safari hii, naapa, sikuwa nachekesha. Mwalimu akasubiri kicheko kiishe, akasema put on ni kuvaa. Halafu akashuka nayo: put off kuahirisha, put out kuzima moto, put up with kumvumilia mtu, na hapo akaninyooshea chaki ili mfano ueleweke. Kitenzi ni kilekile, akasema, angalieni kijineno kinachofuata mkiani, hicho ndicho kinachogeuza mambo. Wenzangu wakanakili. Mimi nikatazama dirishani. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika wingu mpaka kiunoni, nikawaza: huko juu nyumbani kwetu hakuna tena hata mtu mmoja anayeita sweta putoni.

Najua unachotaka kusema. Kidato cha tatu, utoto gani wa kukumbuka, si bado umo humohumo? Nivumilie kama mwalimu anavyonivumilia. Kuna mambo yanazeeka haraka kuliko sisi.

Nilikulia Mgeta, huko juu milimani, kwa bibi, mama yake baba, mpaka nilipomaliza darasa la saba. Kule baridi si hali ya hewa, ni mwanafamilia. Inaamka kabla yenu, inakaa karibu na moto kuliko wewe. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mlangoni bila hodi, jikoni viazi vinatokota, moshi wa kuni umejaa mpaka unaongea na mtu usiyemwona. Bibi alikuwa na msemo wake: "Moto wa kuni hauna mgeni, kila anayekuja humtoa machozi." Tukishakula tulikwenda kung'oa karoti, tukaziosha kijitoni mpaka vidole vikafa ganzi, kisha tukashuka nazo hadi barabarani, yeye na tenga kichwani, mimi na kifurushi changu cha kujidai. Lori la mboga ungelisikia likiguna mbali huko chini, linapanda kama mzee mwenye pumu. Na kama mvua ilinyesha, ile njia hukuishuka kwa miguu. Uliishuka kwa makalio.

Sasa, cheo changu pale nyumbani. Mimi nilikuwa mume. Si unajua bibi zetu na wajukuu wa kiume? "Mume wangu, umeamka?" "Mume wangu, mbona leo hujanichotea maji, unataka tuachane?" Na mume alikuwa na haki zake: kigoda cha upande usiokuwa na moshi, na ukoko wa chungu siku ya wali. Ukoko ule ulikuwa mkavu, wa kahawia, unalia ukiutafuna. Sikuwahi kugawana na mtu.

Halafu likizo moja shangazi akaja kutoka Dar na mwanawe.

Binamu yangu alikuwa wa umri wangu, shule yake ya Kiingereza mtupu, soksi nyeupe. Soksi nyeupe, Mgeta! Kila asubuhi shangazi alikuwa anamfokea mlangoni: "Put on your sweater!" Naye anajibu hukohuko kwa Kizungu, ulimi unateleza kama sabuni. Bibi alikuwa anaacha kukoroga uji ili asikilize. "Mtoto anaongea kama redio," anasema, macho yanamng'aa. Mimi nilikuwa nimempigia mluzi wa ndege wa aina zote za msituni, na hakuwahi kuacha kukoroga.

Siku ya pili tu nikamsikia: "Mume wangu, njoo ule." Nikasimama. Hakuwa ananiita mimi.

"Bibi, na mimi je?"

"Wewe ni shemeji," akasema, na mwili mzima ukamtikisika kwa kucheka. "Usinune hivyo. Mwanamke mzuri hakosi wachumba. Haya shemeji, kachote maji."

Nilikwenda mtoni na ndoo, na njia nzima nilikuwa namsemesha yule binamu kimoyomoyo maneno ambayo hayaandikiki hapa. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Ukoko uko mkononi mwake, na anauliza, kwa Kiswahili cha kubabaika, kwa nini wali umeungua. Angalau angeupenda! Mtu akikuibia, akipende basi alichoiba.

Siku yao ya kuondoka walipanda mbele kwenye lori, juu ya injini, na nyuma kabichi tupu. Shangazi akatoa kichwa dirishani, akaniambia, "Look after Bibi, eh?" Hapo nikaona nafasi yangu. Bibi yupo, anasikiliza, na mimi maneno hayo yote mawili nayajua. Look, angalia. After, baadaye. Nikakasirika kabisa. Mimi niambiwe nimwangalie bibi baadaye?

"Si baadaye, shangazi!" nikapaza sauti. "Namwangalia kila siku!"

Kumbe look after ni kumtunza mtu. Binamu alicheka mpaka akapiga kichwa kwenye kioo. Shangazi akacheka. Dereva, ambaye Kizungu chake nakijua kilivyo, naye akacheka kwa kufuata mkumbo. Bibi tu ndiye hakucheka, hakuelewa kosa liko wapi. Alinishika bega, tukapanda nyumbani.

Kesho yake asubuhi, ukungu umeshaingia ndani, akaniambia, "Mume wangu, niletee putoni."

Nilifurahi kurudishiwa cheo kiasi kwamba sikuuliza. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye sweta lake jekundu lililotundikwa nyuma ya mlango. Hesabu yake ilikuwa nzuri tu: sweta ni neno letu, analijua tangu usichana, kwa hiyo lile lingine ambalo shangazi alikuwa analipigia kelele ndilo lazima liwe Kizungu chenyewe. Nikamletea. Tangu siku hiyo kwetu ikawa putoni. Jirani muuza peasi naye akaanza, "Leo putoni mbili hazitoshi!" Tukawa, kwa maoni yetu, familia inayoongea Kizungu. Na nilimshukuru binamu kimoyomoyo kwamba ameondoka na kila kitu kingine.

Wala sikujua kwamba hajamaliza. Nilipokuja kwa wazazi wangu huku mjini, mtaa wa Mafiga, kuanza sekondari, magoti ya bibi yakakataa ile njia, na kumbukumbu zikaanza kumtoka. Shangazi akaja akamchukua Dar. Ni sawa, kule ana watu, ana daktari karibu. Nakubali kwa kichwa. Kwa tumbo, bado. Shamba sasa analilima mtu mwingine, mafiga yale matatu ya jikoni kwake yameota majani, na binamu anaamka kila siku nyumba moja na bibi.

Jumamosi iliyopita, siku chache tu baada ya kile kituko cha darasani, nikiwa nafua sare, mama akaniletea simu. Ni binamu.

"Oya, samahani mwanangu. Hivi putoni ndo nini? Bibi anaidai tangu asubuhi, anataka kulia."

Nikakaa juu ya ndoo. "Mmempa nini?"

"Kila kitu! Mkate, redio, dawa ya kuchua. Mama kamnunulia mpaka biskuti."

"Si wewe ndiye Mzungu wetu? Hilo neno ni lako."

"Langu? Sijawahi kulisikia, kweli tena."

Nilitamani nimwache atafute mpaka Krismasi. "Mpe bibi simu," nikasema.

Nikasikia ile pumzi yake. "Nani?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mume wangu." Akashusha sauti, kama anasengenya. "Huku nilikoletwa, watu hawajui Kizungu hata kidogo. Naona baridi."

Nilicheka mpaka povu la sabuni likaniingia machoni; mama alipoona machozi nikasema ni povu. Binamu akarudi hewani, nikamwambia ni sweta, lile jekundu.

"Joto lote hili la Dar?"

"Wewe mvalishe tu."

Hakukata simu. Nikasikia kabati linafunguliwa, nikamsikia anasema taratibu, "Nyoosha mkono, bibi. Na huu. Haya." Nikamsikia bibi anashusha pumzi ya mtu aliyefika.

Mwalimu anasema Kizungu kinahitaji neno na mkia wake. Sisi tunapakia kila kitu kwenye neno moja. Mvalishe: yumo bibi, yumo binamu, limo na sweta lenyewe. Nimelipekua herufi kwa herufi, rafiki yangu. Mimi tu ndiye simo.