Kupatana Bei Nyuma ya Ukuta

Kuku wawili, jembe moja jipya, na saa ya malori kila jioni: hiyo ndiyo bei niliyolipa ili mama mkwe atulelee mtoto. Nimehesabu mara mbili. Saa ya malori ndiyo iliyoniuma.

Miaka ile ya Mwingereza, mimi na mke wangu tulikuwa na kibanda cha chai Tunduma, pale malori yalipongoja kuvuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini. Yeye alikaanga maandazi, mimi nilipokea pesa na kugombana na wauza kuni. Binti yetu alipoanza kutambaa, akawa analifuata karai la mafuta kana kwamba ameahidiwa kitu ndani yake. Siku moja mama yake alimdaka kwa mguu, shubiri moja kutoka motoni. Akauzima moto papo hapo, wateja wanne wakitazama.

"Chagua," akaniambia. "Apelekwe kwa mama, au kibanda kifungwe. Mwanangu hatakuwa andazi."

Mama yake aliishi Chapwa, si mbali. Tatizo halikuwa mwendo. Kwetu, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hamsemeshi. Mkikutana njiani unaingia porini, hata kama una mzigo kichwani. Mke wangu angeweza kwenda kuomba mwenyewe, lakini niliona hajui kupatana bei. Angekubali neno la kwanza.

Nikaenda mimi. Nikaketi nyuma ya jiko la mama mkwe, mgongo ukutani, mtoto mapajani.

"Mwanangu," nikamwambia mtoto, "mwambie bibi tunaomba ushinde kwake mchana. Tumemletea kuku."

Mtoto alikuwa akila udongo wa ukuta.

"Mke mwenzangu," sauti ya bibi ikamtania mjukuu wake kutoka ndani, "mwambie huyo aliyeko nje, kuku nimemwona. Na yule anayelia kikapuni ni wa nani?"

Wa pili nilikuwa nimemweka akiba. Nikamtoa.

Sokoni mimi husoma miguu ya mnunuzi: kidole gumba kikigeukia njia, napunguza. Hapa sikuwa na mguu wa kusoma. Nikatoa na jembe, mapema kuliko nilivyokusudia.

"Jembe zuri," akasema. "Sasa mwambie, kila jioni kabla jua halijazama aje kukuchukua mwenyewe. Si mama yako. Yeye."

"Mwanangu, mwambie bibi saa hiyo ndiyo malori ya Mbeya yanafika. Ni nusu ya mauzo yetu."

"Mwambie najua. Lakini mtoto asiyebebwa na baba yake atamjua kwa kikohozi tu, kama ninavyomjua mimi."

Nikajaribu kupunguza. "Muulize, siku tatu kwa wiki?"

"Sita. Jumapili tuko kanisani."

Nikakubali. Saa ya malori mke wangu akabaki peke yake, na niseme kweli, aliuza zaidi, maana hakukuwa na wa kuwagombeza wateja. Mimi nikabaki na njia ya Chapwa, mtoto mgongoni ndani ya kaniki, na wanaume wenzangu wakinipigia kelele kutoka vilabuni: "Shikamoo, mama!" Nami naitikia, marahaba. Mwezi wa pili nilishaanza kuondoka kibandani kabla ya wakati, nikijifanya nawahi mvua.

Lililonishinda ni uji. Mtoto akishafika nyumbani, hakuupokea mkononi mwangu. Niliutia karanga, akautema. Niliutia sukari ya dukani, akautemea shati langu. Nilicheza ngoma mbele yake, akanitazama kama mteja asiye na haja ya kununua. Na kule Chapwa nilikuwa nasikia anamaliza mabakuli mawili.

Siku ya nne ya kutemewa uji nilifika Chapwa mapema, nikaketi pale pale nyuma ya jiko. Bibi akamweka mtoto chini, naye akaizunguka kona ya jiko kwa kutambaa, akanipanda mapajani. Maisha yangu yote sijawahi kumuuliza mwenzangu wa biashara anafanyaje kazi yake. Nikautegemeza mgongo ukutani.

"Mwanangu," nikasema, "muulize bibi. Uji wangu unautema, wake unaumaliza. Anafanyaje?"