Bikira Maria Kwenye Nyumba Isiyoisha

Harufu ya mchanga uliomwagiwa maji hunirudisha Mkuza, kwenye nyumba yetu ambayo ilikuwa bado haijawa nyumba. Baba alijenga kidogo kidogo, kadiri mshahara wa ukarani ulivyoruhusu, nasi tulihamia mapema ili tuikwepe kodi ya chumba tulichopanga Maili Moja. Madirisha yalizibwa kwa viroba vya saruji, na sakafu ilikuwa mchanga mtupu ambao mama aliunyunyizia maji kila asubuhi ili vumbi litulie. Mimi niliipenda mno sakafu ile. Nilichora humo kwa kidole picha za kila aina, na hakuna aliyenigombeza.

Oktoba, mwezi wa Rozari, sanamu ya Bikira Maria ilizungushwa katika jumuiya yetu, leo inalala nyumba hii, kesho ile. Jioni watu waliisindikiza kwa nyimbo na mishumaa, sisi watoto mbele tukigombania kushika maua. Mama aliingoja zamu yetu kwa hamu. Alikuwa ametoka bara, hana dada wala shangazi wa karibu, na kwake kumpokea Bikira Maria kulimaanisha kwamba sasa na sisi ni watu wa hapa. Lakini sanamu ilitoka kwa jirani wa kushoto ikaenda moja kwa moja kwa jirani wa kulia. Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Kastuli, mtu mpole asiyependa kuudhi, alimwambia mama pale pale njiani, "Mama Neema, usivunjike moyo. Nyumba ikiisha tutamleta. Hapa atakaa wapi?" Mama aliitikia, "Sawa, mzee," akaingia ndani, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote wa kitoto.

Aliyemkuta katika hali ile ni Bi Mwanahawa, jirani yetu Mwislamu, mzaliwa wa Kisarawe, msukaji wa mikeka ya ukili. Alipoelezwa yaliyotokea alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mama yake Nabii Isa ndiye wa kuogopa mchanga? Sisi tunasoma alijifungulia chini ya mtende, peke yake, uchungu umembana." Mama akafuta macho. "Kwetu alijifungulia zizini, Bibi. Nyumba ya wageni ilijaa."

"Basi kote kote hakuwa na sakafu," alisema Bi Mwanahawa, akaondoka. Alirudi na mkeka mpya, ule aliokuwa ameusukia harusi ya mjukuu wake.

Kesho yake mama alivaa kitenge chake cha kanisani, tukaenda kwa Mzee Kastuli. Hakugombana. Baada ya shikamoo alimwomba tu anisomee mimi, katika Injili ya Luka, pale inaposema mtoto alilazwa wapi. Mzee alisoma mpaka kwenye hori la ng'ombe, akavua miwani. Jioni ile Bikira Maria aliletwa kwetu, akawekwa juu ya mkeka, mchanga ukinukia maji na nta ya mishumaa. Bi Mwanahawa aliketi karibu na mlango, amejitanda kanga, akisikiliza. Mama aliimba kuliko wote.

Leo nyumba ile ina vigae, dari na geti. Bi Mwanahawa alishafariki, namkumbuka sana, na mkeka wake umekatika pembeni lakini upo. Sanamu siku hizi huletwa kwa gari, na watu husali haraka haraka wakichungulia simu. Ilipofika kwetu Oktoba iliyopita niliiandalia meza ya kioo. Mama, ambaye sasa magoti yanamsumbua, aliitazama, kisha akatazama dirishani, kwa binti aliyehamia kiwanja cha mbele na kichanga chake, chumba kimoja, viroba madirishani.

"Kwa yule wameshampeleka?" aliniuliza.

"Bado, mama. Nyumba yake haijaisha."

Mama akashika fimbo yake na kusimama.

"Lete mkeka," alisema.