Cheti cha Ndizi na Mbaazi

Baba yangu alifanya kazi ya utarishi bomani miaka mingi, na mpaka anastaafu hakuna kitu alichokiamini, baada ya Mungu na Mtume wake, kama karatasi ya serikali. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana binti asiye na adabu katika haya nitakayoyasimulia. Nilimpenda baba. Lakini mwaka ule alinichosha mpaka nikawa nasema peke yangu jikoni.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Tulikaa Kilwa Masoko, mimi na yeye tu, kwa kuwa mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mimi ndoa yangu ilikuwa imevunjika nikarudi nyumbani. Miguu ya baba ikaanza kuvimba. Mwanzo tulidhani ni viatu. Akavivua, miguu ikazidi; ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Kisha ikaja pumzi. Kutoka kwetu hadi msikitini si mwendo wa kuuita mwendo, lakini alikuwa akisimama mara mbili njiani, anajifanya anakagua mapaa ya nyumba za watu. Nilimsihi, nikamgombeza, nikalia, ndipo akakubali kupanda lori kwenda Lindi kwa daktari. Alikaa huko kwa mdogo wake wiki mbili.

Alirudi amepungua miguu na kunenepa maneno. Mkononi alikuwa na vikopo viwili. Kimoja kilikuwa na vidonge vidogo vya kukojoza, kwa sababu moyo ulikuwa umechoka na maji yamejaa mwilini. Cha pili kilikuwa na vidonge vikubwa vyeupe, vyenye ladha ya chumvi chungu.

"Hivi," aliniambia, amekishika kikopo kwa mikono miwili, "ni potasiamu. Vimetoka Ulaya."

"Vina kazi gani, baba?"

"Kazi yake ni potasiamu."

Ningeuliza nini tena?

Vile vyeupe alivinywa alfajiri kabla ya kitu chochote, maana aliamini kwamba dawa ikikutana na chakula tumboni inavunjiwa heshima. Daktari alikuwa amemwambia avinywe baada ya kula, na maji mengi. Hilo nililijua baadaye sana. Basi kila asubuhi tumbo linamwaka, amejikunja barazani, jasho linamtoka. Nikimpelekea uji anasema, "Niache, dawa inafanya kazi." Nikimmenyea ndizi mbivu anaisukuma kando: ndizi ni za watoto. Nikimpasulia dafu, dafu linampoozesha mwanamume. Viazi vitamu vinajaza gesi. Alichotaka yeye ni wali na papa mkavu, papa aliyekolea chumvi hadi ngozi yake inameta, leo papa, kesho papa. Nikisema habari ya mboga ananiuliza kama mimi nimekwenda Lindi kuonana na daktari.

Masika yakaingia. Barabara ya Lindi ikakatika, malori yakakwama huko Mavuji, na hakuna aliyejua yatapita lini. Mimi sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa nilikuwa nimevihesabu vidonge vyote nikaona vinatosha hata barabara ifungwe mwezi mzima. Kumbe baba alikuwa akivigawa. Kila mzee aliyekaa naye barazani akalalamika magoti, alipewa kimoja cha Ulaya. Mzee mmoja alipewa vitatu apeleke kwa mkewe. Vyeupe vikaisha, vya kukojoza vikabaki, naye akaendelea kuvinywa hivyo vya kukojoza kama alivyoandikiwa, bila kuniambia neno.

Siku chache baadaye akaanza kukazwa na misuli ya vigimbi. Akawa anaangusha kikombe. Nikimuuliza, kikombe kina utelezi. Ijumaa ile, katika swala, alisujudu na hakuweza kuinuka. Wanaume wawili walimleta nyumbani wamemshika kwapani, miguu inaburuza, kofia imevaliwa na mtu mwingine ili isipotee. Niliweka kiganja kifuani mwake. Moyo ulipiga mara mbili, ukasita, ukapiga tatu za haraka, ukasita tena. Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani mwangu, na katikati ya woga ule nikafungua kikopo cheupe, nikakuta kitupu.

"Baba, viko wapi?"

"Vimekwisha."

"Vimekwishaje?"

"Watu wanaumwa," akasema, na akafumba macho.

Nilikwenda mbio zahanati. Dresa wetu, yule wa kufunga vidonda na kugawa dawa, alikuwa kijana wa Kimatumbi, kutoka huko milimani upande wa Kipatimu, mpole wa sauti, na baba hakumpenda kwa hilo tu: eti mtu wa bara atamtibu yeye nini. Dresa alikuja na mfuko wake mvuani. Akaamkia, "Shikamoo, mzee." Baba akajibu "Marahaba" akiutazama ukuta. Kijana akampima mshipa wa mkono muda mrefu, akavitazama vikopo, kisha akaniita uani.

"Dada, vile vidogo vinatoa maji, na maji yale hayatoki peke yake. Yanatoka na chumvi moja ya mwili, ndiyo hiyo potasiamu. Siyo hii chumvi ya papa. Misuli inaitaka, na moyo nao ni msuli. Sasa imemwishia. Kabatini kwangu sina vidonge vyake hata kimoja."

"Basi atakufa?"

"Sijasema hivyo. Vya kukojoza asinywe mpaka nimwambie, hilo nitajibu mimi kwa daktari. Na ale. Hiyo chumvi imo katika vyakula. Ndizi, dafu, mbaazi, kunde, viazi, mchicha. Wewe unampikia nini?"

Nikamwambia. Wali, papa. Mchicha nikipika nauchemsha, naukamua.

"Maji ya kukamua?"

"Namwaga."

"Na mbaazi?"

"Namwaga maji ya kwanza. Ya pili pia, nikiyaona yana rangi."

Akacheka kidogo. "Dada, dawa unaimwaga hapa uani, mchanga ndio unaopona."

Nilikasirika. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha, na bibi yangu alivyomfundisha mama, mbaazi zitoke nyeupe kabla ya kutiwa tui. Lakini hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Nilirudi jikoni, nikabandika mbaazi kwa maji machache, nikayaacha yakauke humo humo ndani, nikatia tui. Zilitoka nyeusi nyeusi. Nikazipeleka na ndizi mbili na dafu.

Baba hakuwa na nguvu ya kuinua kijiko, lakini nguvu ya kubisha alikuwa nayo.

"Nini hii?"

"Dawa yako, baba. Dresa amesema."

"Miaka yote nimebeba barua za serikali kwa jua na mvua, leo nikiumwa niambiwe dawa yangu ni ndizi?"

"Baba, potasiamu ile ile ya Ulaya imo humu."

"Nani ameitia?"

"Mungu!"

Akafikiri. "Mungu ametia dawa katika kila kitu," akasema, "lakini hospitali zimejengwa." Akageuka.

Alimeza vijiko viwili vya maji ya dafu kwa kulazimishwa, mengine akayaacha yamwagikie shingoni makusudi kama mtoto. Kesho yake vile vile. Nilimbembeleza kwa sauti ya chini, nikambembeleza kwa sauti ya juu. Nilimwambia akifa nitawaambia waombolezaji kwamba ameuawa na ubishi. Akasema, "Waambie."

Hapo ndipo nilipotoka nyumbani na khanga moja kichwani, mvua inanipiga, mpaka zahanati. Watu walikuwa wamepanga mstari. Nikaupita wote.

"Bwana dresa, andika."

"Niandike nini?"

"Ndizi. Dafu. Mbaazi. Andika kwenye karatasi zako za dawa, utie mhuri."

"Dada, hivyo ni vyakula, siwezi kuviandikia che..."

"Andika!"

Nadhani aliniona uso. Alichukua karatasi, akaandika kwa wino, maneno yamenyooka: dafu moja saa mbili asubuhi, ndizi mbivu mbili saa sita, mbaazi kikombe kimoja pamoja na mchuzi wake saa kumi na mbili jioni, papa na chumvi marufuku. Akatia sahihi. Akagonga mhuri mara mbili, wa pili kwa hisani yake.

Baba aliomba miwani. Aliisoma karatasi yote, akauinua ule mhuri kwenye mwanga wa dirisha, akaushusha. "Sasa hii," akasema, "ni kauli ya mtu aliyesoma." Akafungua kinywa.

Ningefurahi, laiti angekomea hapo. Lakini baba alitii cheti kile kama alivyotii kazi. Saa yake ya mfukoni ikawekwa kando ya mto. Saa sita na dakika tano nasikia, "Ndizi iko wapi? Umechelewa." Ndizi ikiwa kubwa anauliza kama ni moja au moja na nusu. Dafu hakutaka kulinywea kwenye kifuu. Ilibidi nilimimine katika chupa ya dawa na kumpimia kwa kijiko. Na kikombe. Cheti kilisema kikombe kimoja, hakikusema kikombe gani. Alikataa kula mpaka nirudi zahanati kuuliza. Nikarudi, kwenye mvua ile ile, nikamuuliza mtu mzima mwenye kazi zake ni kikombe cha chai au cha kahawa. Dresa aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yakimtikisika, kisha akasema, "Cha chai." Mimi sikucheka. Nilitembea kurudi nikimlaani kila aliyepata kutengeneza kikombe.

Hata hivyo siku ya nne alikaa mwenyewe. Siku ya sita alikwenda chooni bila mkono wangu. Kabla wiki ya pili haijaisha moyo ulikuwa ukipiga kwa mpango, na dresa alimruhusu kile kidonge kidogo siku moja moja, kwa kuwa miguu ilianza tena kujaa. Nilisema alhamdulillah, sasa nitapumzika.

Barabara ikafunguka. Baba mdogo akaleta kikopo kipya cha vyeupe kutoka Lindi. Asubuhi moja nikamkuta baba anameza viwili, na dafu lake pembeni linamsubiri.

"Baba, si unakula cheti?"

"Nakula."

"Na hivyo?"

"Hivyo nimeandikiwa na daktari. Hii karatasi haijaifuta ile."

Safari hii sikukimbia. Nilikuwa nimechoka kukimbia. Nilikwenda taratibu kumweleza dresa, na yeye ndiye aliyekimbia. Sikuwahi kumsikia kijana yule akipaza sauti, lakini siku hiyo aliingia chumbani bila hata kuvua viatu.

"Mzee, ikipungua inaua, na ikizidi inaua! Moyo unasimama! Chakula mwili unakipokea pole pole, na kinachozidi unakitoa kama mafigo ni mazima. Vidonge vinaingia vyote kwa pamoja. Nani amekwambia uchanganye?"

Baba alishtuka. Hakuna mtu wa umri ule aliyewahi kumkemea. Nilitegemea amfukuze. Badala yake akasema kwa sauti ndogo, "Basi andika."

"Siandiki. Mimi siwezi kufuta neno la daktari. Nitampelekea barua. Mpaka ajibu, hiki kikopo nakishika mimi."

Akaondoka nacho. Jibu lilikuja na lori baada ya siku kumi na kitu: vidonge vyeupe viachwe, chakula kiendelee, chumvi ipunguzwe, mgonjwa aende Lindi apimwe mvua zikiisha. Baba aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeshushwa cheo. Wiki nzima hakusema nami ila kunikumbusha saa.

Kisha, bila haya, akaanza kuwafundisha wenzake barazani. Nilimsikia kutoka jikoni, moshi umenijaa machoni. "Kosa la wanawake wetu," alikuwa akisema, "ni kumwaga maji ya mbaazi. Nguvu yote imo kwenye maji." Wazee wakaitikia. Mzee mmoja akauliza amelijulia wapi. "Ni mambo ya kusoma," baba akajibu. Nilikuwa na mwiko mkononi, na Mungu ndiye aliyeuzuia.

Mwaka uliofuata dresa alihamishwa. Asubuhi ya safari yake baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akatembea kwa miguu yake mpaka mahali lori linapopakilia, mimi nyuma yake, na hakusimama njiani kutazama paa la mtu yeyote. Nilidhani atamshukuru. Alimpa mkono, akasema, "Mwandiko wako mzuri. Bara wanafundisha vizuri." Kijana akasema, "Ahsante, baba," akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akapanda.

Tukarudi. Karibu na nyumba baba akaniambia kwamba mimi nina sauti kali sana kwa mwanamke, na kwamba mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Aliishi miaka minne baada ya hapo. Akifika mtu akamsifu kwa afya yake alijibu kuwa ni majaliwa, na mimi nikiwa karibu aliongeza, "Na huyu naye anajitahidi."