Niliitika Jina la Marehemu Huku Muscat, Sasa Siwezi Kuondoka

Admin, nifichie jina langu, na kama kuna anayeitambua familia hii naomba asiwataje, maana hawajanikosea kitu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, kwetu Unguja, ila sasa nipo Muscat. Nilimaliza kidato cha sita nikapata nafasi chuoni ya kusomea uuguzi, nikaiahirisha mwaka mmoja kwa ubishi wangu mwenyewe. Chanzo ni wale vijana wa Kizungu wanaokuja Paje. Nilikuwa nasaidia mapokezi kwenye nyumba ya wageni, nikawa naona wasichana wa rika langu wanafanya kazi miezi mitatu hapa, minne kule, ukiwauliza wanasema wanapumzika na kutembea dunia kabla ya chuo. Nikajiuliza, kwani sisi hatuchoki na mitihani? Mama alinisema wiki nzima, mwisho akachoka akanikubalia.

Nikapata kazi ya mwaka mmoja kwenye duka la udi na manukato Mutrah, karibu na bandari wanaposhukia watalii wa meli. Mwenye duka, nimwite Bi Thuraya, ni Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Tulikubaliana nikae nyumbani kwake, Bustan. Mimi mipango yangu ilikuwa kuuza duka, Ijumaa kutembea na kupiga picha, mwaka ukiisha narudi kusoma. Hizo picha mpaka leo ziko kumi na moja tu.

Siku niliyofika, Bi Thuraya alinipitisha chumbani kwa mama yake nimwamkie. Bibi ni mtu mzima sana, kumbukumbu zimemtoka. Kiarabu alichokizungumza miaka yote kimepotea, kimebaki Kiswahili cha utotoni, na wajukuu wake hawakijui vizuri. Nikasema, "Shikamoo, Bibi." Akanikazia macho kisha akaita, "Zuwena!"

Nyinyi wa visiwani mnajua tulivyolelewa. Mkubwa akikuita huitiki "nini", na hata akikosea jina humsahihishi mbele za watu. Nikapiga goti nikaitika, "Abee." Hilo neno moja ndilo lililonifikisha hapa.

Bibi akanishika mikono akalia. "Mbona umekawia hivi? Nlikwambia ntarudi kukuchukua, sikurudi. Nisamehe, mdogo wangu." Nikamjibu, "Nimekusamehe," ili tu aache kulia. Tulipotoka nje ndipo Bi Thuraya aliponieleza kuwa Zuwena alikuwa mdogo wake Bibi, aliachwa Unguja familia ilipohama, akafia huko bila ya kuonana tena. Bibi aliupata msiba huo zamani, sasa ameusahau. Kwa hiyo nimemsamehe kwa niaba ya maiti, na kila siku ananiomba upya, na kila siku namsamehe.

Tangu siku ile Bibi hali chakula mpaka nimlishe mimi. Wiki ya pili Bi Thuraya akaniomba nisiende dukani siku mbili tatu, na dukani sijarudi tena. Naomba nieleweke. Sijatukanwa, sijanyimwa haki yangu, na pasi ya kusafiria ninayo mwenyewe kwenye begi. Mnaotaka kuniandikia nitoroke, sina ninachokitoroka. Namwogesha, namsuka, namsimulia mitaa ya Unguja ilivyo sasa, naye ananibishia kila kona. Tunacheka sana. Nampenda, na hapo ndipo penye tabu.

Mwezi ujao mkataba wangu unaisha na chuo kinafunguliwa. Nafasi haiahirishwi mara ya pili, nisiporipoti imekwenda. Nilipomwambia Bi Thuraya hakukasirika. Alikaa kitandani kwangu akasema, "Wallahi sikuzuii. Lakini chuo kipo tu, mwanangu, mama ana siku ngapi? Ulipokwenda harusini Sidab ukalala huko, hakutia kitu mdomoni mpaka uliporudi." Bora angenigombeza, ningepata pa kuanzia.

Mama yangu anasema nirudi, hana maneno mengine. Nikampa Bibi simu wazungumze, nikidhani itanisaidia. Bibi akamwambia, "Zuwena yuko kwangu, salama. Simwachi tena." Mama akamuaga kwa adabu. Kesho yake alirudia yaleyale ya nirudi, lakini ukali ulikuwa umempungua.

Juzi baada ya alasiri nikajikaza. Nikasema, "Bibi, mimi si Zuwena. Mimi mtoto wa watu, nimekuja kufanya kazi, nataka kurudi kwetu nikasome." Akanitazama vizuri, na kwa mara ya kwanza nikahisi ananiona mimi. Akauliza, "Basi Zuwena yuko wapi?"

Nikasema, "Yupo, Bibi. Nilikuwa nakutania." Akanipiga kikofi cha mkononi, akasema, "Weye na utani wako," tukaendelea na chai.

Leo asubuhi nimefungua begi nianze kupanga nguo kidogo kidogo. Ndani nimekuta kanga mbili za Bibi, kichana chake na tasbihi. Nikamuuliza vimefikaje humu. Akaangalia mlangoni kwanza, halafu akaninong'oneza, "Nyamaza, wasisikie. Mara hii twende sote."

Sijavitoa. Begi nimelifunga hivyohivyo nikalirudisha chini ya kitanda. Nikibaki, uuguzi niliouota tangu mdogo ndio basi. Nikiondoka, nitamwacha kama yeye alivyomwacha mdogo wake, na sidhani kama ataweza kula tena. Nimewaza mpaka kichwa kinauma, sioni njia isiyomuumiza mtu.

Nyinyi mnaosoma, hasa mliowahi kumuuguza mzee wa namna hii, niambieni la kufanya, mimi limenishinda. Msichelewe tu. Hapa ninapoandika Bibi ananiita kutoka chumbani, ananiita jina lile, na nimeshaitika.